Nusu ya Nini? Hesabu ya Mali ya Ndoa Inapovunjika Migori na Homa Bay

Tuchukue boma moja la mfano karibu na Awendo, tulipe namba ambazo mkulima yeyote wa huko atazitambua. Mume na mke walioana kimila mwaka 2009, wakatengana 2024. Wanaishi kwenye ekari 3 za ukoo, ambazo kwa bei ya 400,000 kila ekari zina thamani ya shilingi 1,200,000. Juu ya ardhi hiyo wamejenga nyumba ya matofali yenye thamani ya 800,000. Mwaka 2015 walinunua ekari moja ya miwa, leo ni 500,000. Ploti ya Rongo yenye vyumba viwili vya kupangisha ni 900,000. Ng'ombe wanne na pikipiki, jumla 300,000. Ukijumlisha vyote unapata 3,700,000. Hati zote zilizopo zimeandikwa jina la mume, na deni la sacco ni 260,000.

Ukiuliza watu wa kijijini mke atapata nini kortini, wengi watajibu "nusu". Wengine watacheka na kusema "hakuna kitu, arudi kwao". Anayesema nusu anafikiria 1,850,000. Kwa sheria ya Kenya ilivyo leo, mke huyu anaweza kutoka na 1,120,000, au 720,000, au 380,000. Tofauti hiyo inatokana kwa kiasi kidogo tu na asilimia ambayo jaji ataitaja. Sehemu kubwa inatokana na jambo ambalo halijadiliwi sana: ni mali ipi inaingia kwenye hesabu na ipi inabaki nje kabla kalamu ya jaji haijaanza kugawa. Kwa familia za Migori na Homa Bay, hapo ndipo pesa nyingi hupotelea.

Sheria yenyewe ni ya mwaka 2013, Sheria ya Mali ya Ndoa, nambari 49 ya mwaka huo, iliyoanza kutumika Januari 2014. Kifungu cha 6 kinataja makundi matatu: nyumba ya ndoa, vyombo vya nyumbani, na mali nyingine iliyopatikana ndoa ikiwa hai na inayomilikiwa na wote wawili. Kifungu cha 5 kinatoa nje mali ambayo mtu alikuwa nayo au aliirithi kabla ya kuoa au kuolewa. Kisha kifungu cha 6 chenyewe kinaongeza sentensi fupi yenye uzito mkubwa huku kwetu: mali inayoshikiliwa kwa amana, pamoja na amana ya kimila, si mali ya ndoa.

Ekari 3 za Awendo zinaangukia hapo. Ardhi ya ukoo hushikwa na kizazi kilichopo kwa niaba ya kinachokuja, na kifungu cha 11 kinaitaka mahakama izingatie haki za vizazi vijavyo kwenye ardhi ya mababu, ingawa kinataja pia haki ya mke, au aliyekuwa mke, ya kufika na kuitumia ardhi hiyo. Nenda kwenye ofisi ya ardhi uombe kutazama rejista ya shamba kama hili. Si ajabu kukuta jina la babu aliyekufa kabla wajukuu hawajazaliwa. Mirathi haikufunguliwa. Baba alilima, mtoto akalima, mke wa mtoto akalima miaka 15, na kisheria hakuna hata mmoja wao mwenye shamba. Mahakama ya familia haiwezi kumgawia mke ardhi ambayo hata mumewe hana.

Shilingi 1,200,000 zimetoka.

Nyumba ni ngumu zaidi. Sheria inaeleza nyumba ya ndoa kuwa ni mali inayomilikiwa au kukodiwa na mmoja wa wanandoa au wote wawili, wanayoitumia kama makao ya familia. Nyumba ya matofali ni yao bila shaka. Waliinunulia mabati, walibeba mchanga. Ardhi iliyo chini yake si yao. Upande wa mume utasema nyumba hufuata ardhi. Upande wa mke utashika kifungu cha 9, kinachosema mwenzi anayechangia kuboresha mali isiyo ya ndoa hupata maslahi sawa na mchango wake. Mawakili hushindana kweli hapa, na matokeo hutegemea ushahidi uliopo mezani. Hata mke akishinda, nyumba haibebeki. Hawezi kuiuza kwa mtu wa nje, kwa kuwa hakuna atakayenunua nyumba katikati ya boma la watu. Kinachobaki ni kumdai mume amlipe thamani yake, na mume wa namba hizi hana 400,000 mfukoni.

Sasa weka namba kwenye karatasi. Nyumba ikiingia, kapu lina 2,500,000. Ikitoka, lina 1,700,000. Jaji akimpa mke asilimia 50 ya kapu dogo, ni 850,000. Akimpa asilimia 30, ni 510,000. Kwa hiyo kupanda kutoka 30 hadi 50, jambo ambalo watu hulipigania miaka na miaka, kunamwongezea 340,000. Nyumba kuingia au kutoka, kwa mgawanyo wa nusu, ni tofauti ya 400,000. Na ekari za ukoo, kama zingekuwa za mume kwa hati na zikakubaliwa kuwa mali ya ndoa, nusu yake ni 600,000. Jumla ya kilichoamuliwa na mipaka ya kapu ni 1,000,000, karibu mara tatu ya kilichoamuliwa na asilimia.

Hilo halimaanishi asilimia ni jambo dogo. Kenya imebishana kuihusu kwa nusu karne.

Hadi 2013 hatukuwa na sheria yetu wenyewe ya mali ya ndoa. Mahakama zilitumia sheria ya Uingereza ya mwaka 1882 kuhusu mali ya wanawake walioolewa, na kesi ya I dhidi ya I ya 1971 ndiyo iliyothibitisha kwamba inatumika hapa. Miaka 131 imepita kati ya sheria ile na hii yetu. Mwaka 1976, kwenye kesi ya Karanja, mke aliyekuwa na ajira alipewa theluthi moja. Miaka ya mwanzo ya 1990, kwenye kesi ya Kivuitu, Mahakama ya Rufaa ilikubali kwamba mali iliyoandikwa majina ya wote wawili ni nusu kwa nusu, na kwamba kazi ya mke nyumbani ina uzito. Kisha Februari 2007 likaja jopo la majaji watano kwenye kesi ya Echaria. Mke alikuwa ameshinda nusu ya shamba la ekari 118 kule Tigoni. Rufaa ilimshusha hadi robo. Majaji walisema kuwa mke tu, na kufanya kazi za mke, si mchango unaohesabika mpaka Bunge liseme hivyo.

Bunge lilisema, lakini nusu tu ya neno. Katiba ya 2010, ibara ya 45, iliwapa wanandoa haki sawa wanapooana, wakiwa kwenye ndoa na ndoa inapovunjwa. Wengi walidhani mjadala umekwisha. Sheria ya 2013 ikaja na kifungu cha 7: umiliki ni kwa kadiri ya mchango wa kila mmoja. FIDA-Kenya, shirika la mawakili wanawake, ilikwenda Mahakama Kuu kukipinga, na Mei 2018 Jaji John Mativo akaitupilia mbali kesi. Januari 27, 2023 Mahakama ya Juu ikaweka nukta. Kwenye kesi inayojulikana kwa herufi JOO na MBO, kuhusu nyumba na vyumba vya kupangisha Tassia, Nairobi, Mahakama Kuu ilikuwa imempa mke asilimia 30 ya nyumba na 20 ya vyumba. Mahakama ya Rufaa ikampa 50. Mahakama ya Juu ikaiacha ile 50, ila ikaeleza wazi kwamba usawa wa ibara ya 45 hauleti nusu moja kwa moja. Kila mtu athibitishe alichochangia, na kila kesi ipimwe peke yake. Mke yule alipata nusu kwa sababu alionyesha alivyochangia, na alikuwa na ajira na mikopo ya kuonyesha.

Wanawake wangapi wa Ndhiwa, Uriri au Kuria Mashariki wana karatasi za mshahara?

Sheria ya 2013 haisemi mchango ni pesa pekee. Kifungu cha 2 kinataja kazi za nyumbani na kusimamia makao, kulea watoto, kumpa mwenzi ushirika wa ndoa, kusimamia biashara au mali ya familia, na kazi ya shamba. Hiyo ya mwisho iliandikwa kana kwamba mtu alikuwa anatazama Migori. Miwa ya Sony, kiwanda kilichojengwa Awendo miaka ya 1970, hukaa shambani karibu mwaka mmoja na nusu hadi miwili kabla ya kukatwa mara ya kwanza, na muda wote huo kuna palizi. Tumbaku ya Kuria na Uriri ni mbaya zaidi: kitalu, kupandikiza, kuvuna jani kwa jani, kutunga kwenye vijiti, kukesha na moto wa banda la kukaushia. Mwanamke yumo katika kila hatua. Mkataba na kampuni, namba ya mkulima na malipo ya benki, vyote vina jina la mume.

Tujaribu kuipa kazi hiyo bei. Agizo la mishahara la Mei 2022 liliweka kima cha chini cha mfanyakazi wa nyumbani, kwenye maeneo yaliyo nje ya miji mikubwa na manispaa za zamani, kuwa shilingi 8,109.90 kwa mwezi. Wakati huo ndicho kilikuwa kiwango cha chini kabisa nchini kwa kazi hiyo. Miaka 15 ni miezi 180. Zidisha: 1,459,782. Linganisha na kapu la 1,700,000, na utaona kazi ya nyumbani peke yake, kabla hujagusa jembe, ni karibu asilimia 86 ya mali yote inayogawanywa. Atakayesema mke naye alikula na kulala humo, mkubalie, ukate hesabu katikati. Zinabaki 729,891, yaani asilimia 43. Mahakama hazilazimiki kuhesabu hivi, na mara nyingi jaji hukadiria kwa jumla baada ya kusikia ushahidi. Lakini hesabu hii inaonyesha kwamba mke asiye na mshahara akipewa asilimia 20 au 30, kuna kazi ambayo haikulipwa na mtu yeyote. Jaji Teresia Matheka alisema jambo hilo waziwazi Nakuru mwaka 2021, kwamba si haki kudai mwenzi anayebaki nyumbani kulea hachangii chochote.

Vuka mpaka pale Isebania ukaingie Sirari, na utakuta Wakuria walewale, ng'ombe walewale, ukoo uleule wakati mwingine, chini ya sheria nyingine. Tanzania ilikuwa na Sheria ya Ndoa tangu 1971, na mwaka 1983 Mahakama yao ya Rufani, kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Seif, ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika kupata mali. Kenya ilichukua miaka 30 zaidi kuliandika hilo kwenye sheria.

Kuna namba nyingine ambayo mabishano ya kijijini huiruka, nayo ni deni. Soma kifungu cha 7 kando ya kifungu cha 10. Mali hugawanywa kwa mchango. Deni lililochukuliwa kwa manufaa ya ndoa hugawanywa sawa. Mke anaweza kuambiwa mchango wake ni asilimia 30 ya ploti, kisha akabebeshwa asilimia 50 ya mkopo wa sacco uliolipa karo na mabati. Kwenye mfano wetu ni 130,000. Atoe kwenye 510,000, abaki na 380,000. Hiyo ni asilimia 10 tu ya mali yote ambayo majirani wanaiona kwa macho. Kwa nusu ya kapu dogo anabaki na 720,000, na nyumba ikiingia anafika 1,120,000. Sioni mantiki ya sheria kupima jasho kwa mizani na deni kwa kisu cha katikati, na Bunge lina wajibu wa kuvisoma vifungu hivi viwili pamoja.

Tukija kwa wake wengi, hesabu inabadilika sura. Ziwani na bara, Mbita hadi Suna, boma lenye mikayi (mke wa kwanza), nyachira (wa pili) na pengine reru (wa tatu) bado ni jambo la kawaida, na Sheria ya Ndoa ya 2014 inaitambua ndoa ya kimila kuwa inaweza kuwa ya wake wengi. Kifungu cha 8 cha sheria ya mali kinasema mali waliyoipata mume na mke wa kwanza kabla ya wa pili kuingia ni yao wawili kwa usawa. Iliyopatikana baada ya hapo ni ya mume na wake wote, kwa mchango.

Tuseme mume na mikayi walikusanya mali ya 1,200,000 kati ya 2000 na 2010. Nyachira akaja 2010, na kufikia 2024 boma likaongeza 900,000. Nyachira akitalikiwa, zile za kwanza hazimhusu. Mume ana 600,000 na mikayi ana 600,000. Kwenye 900,000, jaji akiona wote watatu wamechangia sawa, nyachira ana 300,000. Miaka 14 ya ndoa, na anaondoka na asilimia 14 ya mali ya boma. Mikayi naye analindwa vizuri kuliko mke mmoja wa ndoa ya kawaida, kwa sababu neno "sawa" limeandikwa kwake bila kumtaka alete risiti. Ni mojawapo ya mahali pachache kwenye sheria hii ambapo mke hupata nusu bila kubishana.

Kifungu hichohicho kinaruhusu mke na mume kukubaliana kwamba mali yao iwe kando na ya wake wengine, na hapo inakuwa yao wawili sawa. Mila ya Kijaluo iko karibu sana na wazo hilo. Kila mke ana nyumba yake, ghala lake na mashamba yake, na mume ana mondo, shamba lake mwenyewe. Mama wa boma anajua mpaka wa shamba lake kwa mti na kwa jiwe. Kinachokosekana ni karatasi yenye sahihi mbili inayosema hivyo, na tarehe.

Wazee wakikaa kikao cha talaka, kwa Wajaluo na kwa Wakuria, swali la kwanza si nyumba wala ploti. Ni ng'ombe wa mahari: walikuwa wangapi, wako wapi, watarudishwa wangapi, na watoto waliozaliwa wanapunguza wangapi. Hesabu hiyo ni kati ya wanaume wa pande mbili. Mwanamke anayejua baba yake au kaka yake alioa kwa ng'ombe hao atasita sana kuondoka, na atakayeondoka mara nyingi hupokewa kwao bila ardhi ya kulima. Sheria inaitaka mahakama izingatie mila, ila chini ya Katiba, na ibara ya 2 inabatilisha mila inayopingana nayo. Wazee wanaweza kuamua ng'ombe. Hawana mamlaka ya kusema kwamba baada ya ng'ombe kurudi hakuna kingine cha kudaiwa. Mwanamke anayeambiwa hivyo anaambiwa jambo lisilo kweli.

Ndipo tufike kwenye gharama ya kudai. Kesi ya Echaria ilikuwa kwenye Mahakama ya Rufaa kwa namba ya mwaka 2001 na ikaamuliwa 2007. Ya JOO na MBO ilifunguliwa kabla ya sheria ya 2013 na kumalizika 2023. Hizo ni kesi za watu wenye mali ya Nairobi na viunga vyake. Kwa anayedai 510,000, kila shilingi 50,000 anayotumia kwa wakili, mthamini wa mali, mpima ardhi na nauli inakula karibu asilimia 10 ya anachodai. Akitumia 250,000, nusu imekwisha kabla hajakabidhiwa ufunguo. Anayeishi Mfangano hulipa boti hadi Mbita kabla hajaanza kulipa gari la Homa Bay, na kesi ikiahirishwa anarudi na kuja tena.

Kwa hiyo swali la mahakama ipi ni swali la pesa. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 2015 inampa hakimu mkazi kikomo cha milioni 5 na hakimu mkuu milioni 20, na Kanuni za Mali ya Ndoa za 2022 zinaruhusu madai haya kusikilizwa huko kulingana na thamani. Mali ya boma letu, hata nyumba ikiingia, ni nusu ya kikomo cha ngazi ya chini kabisa. Hakuna sababu ya kuipeleka Mahakama Kuu ya Migori au Homa Bay ikiwa kuna korti Rongo, Ndhiwa, Oyugis, Mbita au Kehancha. Asiye na uwezo kabisa anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016, au kufika FIDA-Kenya, ambayo ina ofisi Kisumu.

Gharama nyingine hulipwa mapema, na ni ndogo: kuweka ushahidi. Mchango usio na karatasi hugeuka kuwa neno la mke dhidi ya neno la mume. M-Pesa ilianza Machi 2007, na tangu hapo mama anayeuza omena Sori au Muhuru Bay ameacha alama ya kila shilingi 3,000 aliyotuma kwa fundi au kwa duka la vifaa vya ujenzi. Taarifa hiyo inakubalika kortini ikiambatana na cheti cha kumbukumbu za kielektroniki chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi. Daftari la chama linaloonyesha mkopo wa Agosti, na risiti ya saruji ya Septemba, ni vitu viwili vinavyosomana vizuri sana mbele ya hakimu. Kwa wavuvi, usajili wa boti kwenye kamati ya ufuo unaonyesha jina la mwenye chombo, na mke aliyenunua nyavu kwa pesa za samaki ana sababu ya kutaka jina lake liwemo.

Kwenye hati za ardhi picha ni mbaya zaidi kuliko kwenye boti. Muungano wa Ardhi Kenya ulichambua mwaka 2018 hati milioni 1 kati ya milioni 3.2 zilizotolewa nchini kati ya 2013 na 2017. Wanawake walikuwa na asilimia 10.3 ya hati, na asilimia 1.62 tu ya ukubwa wa ardhi. Sheria ina dawa kiasi: kifungu cha 14 kinadhania kwamba mali iliyonunuliwa wakati wa ndoa kwa jina la mmoja inashikiliwa kwa niaba ya mwenzake pia, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Majina yakiwa mawili, inadhaniwa ni sawa kwa sawa. Kwa hiyo jina la pili kwenye hati ya ile ekari ya miwa lingehamisha mzigo wote wa kuthibitisha kutoka kwa mke kwenda kwa mume. Kwenye ardhi ya 500,000, tofauti ya kuanzia na 50 badala ya kupigania 30 ni 100,000.

Na vipi wale walioishi pamoja bila mahari wala cheti, jambo lililoenea kwenye fuo zote kuanzia Karungu hadi Kendu Bay? Siku ileile ya Januari 27, 2023, Mahakama ya Juu iliamua kesi ya MNK na POM. Ilikataa kwamba kulikuwa na ndoa, ikisema dhana ya ndoa itumike kwa uangalifu mkubwa. Hata hivyo iliona wote wawili walichangia kwenye mali, ikaigawa 70 kwa MNK na 30 kwa POM kwa msingi wa amana. Kukosa ndoa hakufuti jasho, ila kazi ya kulithibitisha inakuwa nzito zaidi, kwa sababu dhana ya kifungu cha 14 haipo tena kukusaidia.

Waliooana kimila nao wana hatua ya kuchukua. Sheria ya 2014 inataka ndoa ya kimila isajiliwe, na usajili ulianza kutekelezwa 2017. Asiye na cheti hujikuta akipigana kesi mbili: kwanza kuthibitisha kwamba kulikuwa na ndoa, pili kuivunja, kwa kuwa kifungu cha 7 cha sheria ya mali ya ndoa hakigawi mali mpaka talaka itolewe. Kutengana miaka 5 na kila mtu kuishi kwake hakuhesabiki kuwa talaka. Katikati ya muda huo ndipo mashamba huuzwa.

Kwa anayehofia hilo, kifungu cha 12 kina mambo mawili ya kujua leo. Mke au mume hawezi kufukuzwa kwenye nyumba ya ndoa bila amri ya mahakama, hata chifu akiwa amekubali, hata wakwe wakiwa wamekwisha kutoa vyombo nje. Na mwenzi, awe mke mmoja au mmoja wa wake kadhaa, ana maslahi yanayoweza kulindwa kwa kuweka zuio kwenye rejista ya ardhi. Tangu 2016 zuio limekuwa na umuhimu mkubwa zaidi, kwa sababu mabadiliko ya sheria za ardhi ya mwaka huo yaliondoa haki za mwenzi kwenye orodha ya haki zinazomfunga mnunuzi hata zisipoandikwa. Mnunuzi akikuta rejista safi, anaweza kudai hakujua.

Kisha kuna kifungu cha 17. Mwenzi anaweza kwenda kortini kuomba itamkwe kwamba ploti ya Rongo ni mali ya wote wawili, hata kama hakuna talaka iliyoombwa na hakuna anayeitaka. Mahakama haitagawa wakati huo, itatamka tu haki ya kila mmoja.